Je, Tupac alikuwa mshairi? Jibu kwa mwalimu wa Nakuru

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Nakuru ameniuliza hivi: "Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameshikilia kwamba Tupac Shakur alikuwa mshairi kabla hajawa mwanarap. Wamenionyesha kwenye simu shairi lake la ua la waridi. Mimi nikisikiliza nyimbo zake nasikia matusi na bunduki. Huo ushairi ni wa kweli, au ni sifa anazopambwa nazo marehemu? Kama ni wa kweli, aliupata wapi, na nikitaka kuutumia darasani nianzie wapi? Tena wananiambia hajafa, yuko Cuba."

Mwalimu, kwa hilo la ushairi wanafunzi wamekushinda. Kwa hilo la Cuba umewashinda wewe, na nitalifikia. Ila naona wamekuletea ushahidi ulio dhaifu kuliko wote. Lile shairi la waridi ni kazi ya kijana ambaye hata miaka ishirini na moja hakuwa ametimiza, nalo lina utamu na upungufu wa umri huo. Ushairi wake uliokomaa haumo kwenye kitabu chake cha mashairi. Umo kwenye nyimbo, na ukiuliza aliupata wapi, nitakuelekeza kwenye jukwaa la maigizo kabla sijakuelekeza kwenye daftari.

Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 16 Juni 1971. Mama yake, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama cha wapigania haki za Weusi, na mimba yake ilikua akiwa katikati ya kesi. Yeye na wenzake, kundi lililojulikana kama Panther 21, walishtakiwa kwa njama ya kulipua majengo jijini humo. Afeni hakuwa mwanasheria, lakini alijitetea mwenyewe, akasimama kuwahoji mashahidi huku tumbo likiwa mbele. Mwezi Mei 1971 baraza la wazee wa mahakama likawaona washtakiwa hawana hatia. Mtoto akazaliwa mwezi uliofuata, na baadaye akapewa jina la Túpac Amaru II, aliyeongoza uasi wa wenyeji wa Peru dhidi ya Wahispania katika karne ya 18.

Waandishi wengi huanza hadithi yake na umaskini. Umaskini ulikuwepo, tena mkali, lakini mimi huanza na ile kesi. Mtoto huyu alilelewa na mwanamke aliyejitoa gerezani kwa mdomo wake. Inasimuliwa kwamba akikosea, mama alimwadhibu kwa kumsomesha gazeti la New York Times. Waliomzunguka walikuwa wanaharakati: baba yake wa kambo, Mutulu Shakur, Assata Shakur, aliyetoroka jela na kupewa hifadhi Cuba, na baba yake wa ubatizo, Geronimo Pratt, aliyekaa gerezani miaka 27 kabla hukumu yake haijatenguliwa mwaka 1997. Huyu wa mwisho wanafunzi wako watampenda, kwa sababu alikuja kuishi huku kwetu. Alifariki mwaka 2011 katika kijiji cha Imbaseni, karibu na Arusha, ambako Panther mwingine, Pete O'Neal, ameishi kwa miongo mingi. Watu huchora sura ya Tupac kwenye matatu kutoka Mombasa hadi Busia bila kujua kwamba baba yake wa ubatizo alifia mwendo wa saa chache tu kutoka Namanga.

Sasa jukwaa. Akiwa na miaka kumi na miwili hivi alijiunga na kikundi cha maigizo cha Harlem kilichoitwa 127th Street Repertory Ensemble. Mwaka 1984 akapanda kwenye ukumbi wa Apollo, akaigiza mtoto Travis katika tamthilia ya Lorraine Hansberry iitwayo A Raisin in the Sun. Jina la tamthilia hiyo limechukuliwa kwenye shairi la Langston Hughes kuhusu ndoto iliyoahirishwa. Kwa hiyo mara ya kwanza mtoto huyu kusimama mbele ya umati, alisimama chini ya mshororo wa mshairi.

Familia ikahamia Baltimore. Huko aliandika mistari ya rap kwa shindano la vijana la maktaba ya umma ya Enoch Pratt, akiwahimiza watoto wenzake wachukue kadi za maktaba. Maktaba hiyo bado imeuhifadhi mwandiko wake. Ndiyo, mwalimu, miongoni mwa mistari ya mwanzo kabisa ya Tupac tuliyonayo kwa maandishi kuna inayosifu kusoma vitabu. Alisoma kwa muda katika shule iliyopewa jina la Paul Laurence Dunbar, mmoja wa washairi Weusi wa kwanza wa Marekani kupata umaarufu nchi nzima, kisha akahamia Baltimore School for the Arts. Hapo ndipo alipofundishwa kazi hasa: uigizaji, ushairi, jazi, hata baleti. Aliigiza Shakespeare. Alicheza mfalme wa panya katika baleti ya The Nutcracker. Alifanya urafiki na Jada Pinkett, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota wa filamu. Miaka mingi mbele alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba anampenda Shakespeare kwa kuwa alisimulia visa vikali kama vyao, na Romeo na Juliet aliwaona ni vijana wa magenge mawili.

Mwaka 1988 masomo hayo yakakatika kabla hajamaliza. Wakahamia Marin City, California, na Afeni akazama kwenye kokeni ya mawe, ile iliyoteketeza mitaa ya Weusi miaka hiyo. Kijana akawa analala kwa marafiki. Mwaka 1989 akakutana na Leila Steinberg, mwalimu aliyekuwa akiendesha madarasa ya ushairi kwa vijana, na mashairi ya daftari yanatoka katika kipindi hicho, kati ya 1989 na 1991. Steinberg aliyahifadhi. Yalichapishwa mwaka 1999, miaka mitatu baada ya kifo, katika kitabu The Rose That Grew from Concrete, na dibaji ikaandikwa na mshairi Nikki Giovanni. Bibi Giovanni hakuwa mtu wa kusifia ovyo, lakini Tupac alipouawa alijichora mkononi tatuu ya maneno yale yale aliyokuwa nayo kijana tumboni, Thug Life. Alikuwa profesa wa chuo kikuu, mwenye miaka zaidi ya hamsini. Waambie wanafunzi hilo ukitaka wanyamaze.

Kitabu chenyewe kinaonyesha kurasa za mwandiko wake. Neno la kumaanisha "mimi" analichora kama jicho. Anaandika tarakimu 2 na 4 mahali pa maneno. Kuna shairi la kumkumbuka mchoraji Vincent van Gogh, kuna la Huey Newton, mmoja wa waanzilishi wa Black Panther, aliyepigwa risasi Oakland mwaka 1989, kuna la Jada, kuna mengi ya mapenzi na upweke. Lile la waridi lina mistari isiyofika kumi: ua limeota kwenye ufa wa zege, limejifunza kutembea bila miguu, limevuta hewa safi kwa sababu halikuacha kuota ndoto.

Ni taswira nzuri, na nitakuwa muungwana kwake. Lakini iangalie kama unavyoangalia shairi la mtihani. Nani anasema? Hatujui. Anasema na nani? Na kila mtu, ndiyo kusema na yeyote yule. Ua ni fumbo linalofumbuka lenyewe kabla msomaji hajalishika. Mashairi mengi ya kitabu hiki yako hivyo: hisia ni ya kweli, ila nafsineni anaelea hewani, na nafsinenewa hayupo. Ukianza nalo darasani, utapata nusu saa ya "tusikate tamaa maishani" na kengele italia.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachonifanya nimwite mshairi bila kusita. Alipita kwanza kama mcheza dansi na mbebaji wa vyombo wa kundi la Digital Underground, akasikika kwenye kibao chao mwanzoni mwa 1991, na Novemba mwaka huo akatoa albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now. Ndani yake mna Brenda's Got a Baby. Alikuwa amesoma gazetini kisa cha msichana wa miaka 12 aliyepewa mimba na binamu yake, akajifungua, akamtupa mtoto kwenye takataka. Sikiliza umbo la wimbo huo. Mwanarap wa kawaida hugawa hadithi katika beti tatu, kibwagizo katikati. Hapa kuna ubeti mmoja mrefu usiopumzika, tangu msichana anapotajwa kwa jina hadi mwisho wake mbaya, na msikilizaji hapewi mahali pa kukaa. Sisi tuna jina la kazi ya namna hiyo. Ukiwafundisha utenzi wa masimulizi, wape huu kama jamaa yake wa mbali: kisa kimoja, msimulizi mmoja anayejua kila kitu, mwendo mmoja tangu mwanzo hadi tamati. Tofauti ni kwamba shujaa wetu hapigani vita vyovyote. Hata jina lake analiandika kwa shida.

Hapo utaona mwigizaji akimsaidia mshairi. Tupac hakuwa fundi mkubwa wa vina. Rakim alimzidi, Nas alimzidi, na shabiki atakayebisha hilo ni wa kuhurumiwa. Uwezo wake ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kuingia kwenye mhusika na kuuliza: ninasema na nani, na ninataka nini kwake? Karibu nyimbo zake zote zinazodumu zina mtu mahsusi anayesemeshwa. Keep Ya Head Up ya 1993 inamwelekea mwanamke Mweusi anayelea watoto peke yake, na Tupac aliitoa kwa kumbukumbu ya Latasha Harlins, msichana wa miaka 15 aliyeuawa dukani Los Angeles mwaka 1991. Dear Mama ya 1995 ni barua. Anamshukuru Afeni, na katika shukrani hiyo hiyo anataja ulevi wake wa kokeni, hadharani, mbele ya dunia nzima, bila kumfichia na bila kumdhalilisha. Huo ni mtihani mgumu wa toni. Washairi wetu wamemsifu mama kwa karne nyingi, lakini sifa zetu nyingi humwosha mama kwanza ndiyo zimsifu. Yeye alimsifu akiwa na doa lake. Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo kwenye rejista yake ya kitaifa ya sauti za kuhifadhiwa, mwaka 2010.

Kuhusu ufundi wa sauti, usikilize If I Die 2Nite, wa albamu ile ile yenye Dear Mama, Me Against the World. Mwanzo wake umejaa takriri ya konsonanti, sauti ya p inagonga neno baada ya neno mpaka unahisi mdomo wa msemaji. Wanafunzi wanaokariri maana ya takriri kwenye daftari wataisikia hapo bila kuambiwa. Sikiliza pia jinsi anavyozivuta irabu mwishoni mwa mstari, karibu kama mhubiri, na jinsi sauti yake inavyosikika nene. Alikuwa na desturi ya kurekodi mistari yake tena juu ya ile ya kwanza, sauti mbili au tatu zikaenda pamoja bila kulingana sawasawa. Kwenye karatasi huwezi kuliona hilo, ndiyo maana anayemhukumu kwa kusoma maneno tu kwenye skrini anamwonea.

Hapa naingia kidogo kwenye ugomvi wetu wa zamani. Unakumbuka miaka ya 1970, mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi, na washairi wenzake Mulokozi na Kahigi wakawa wanatetea mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, huku wanamapokeo wakisema hilo si shairi hata kidogo. Walimu wanaoniuliza kama rap ni ushairi huidhania iko upande wa Kezilahabi. Naona kinyume. Mashairi ya daftari ya Tupac ndiyo yaliyolegea, mengine yana vina na mengine hayana. Nyimbo zake zimefungwa kweli kweli. Mizani yetu huhesabu silabi. Mizani ya rap huhesabu mapigo ya ngoma, manne kwa kila mstari, silabi zikazidi au zikapungua mradi neno zito liangukie kwenye pigo lake. Kina ni lazima. Ubeti una urefu unaojulikana, mara nyingi mistari kumi na sita. Kibwagizo kinarudi mahali pake. Mwanamapokeo wa Lamu angemlaumu kwa matusi, lakini asingemlaumu kwa kukosa arudhi, yaani kanuni za utunzi.

Sasa matusi na bunduki, maana umeuliza na sitakukwepa. Mwaka 1992 Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, alisema albamu ya kwanza ya Tupac haina nafasi katika jamii yao. Tarehe 30 Novemba 1994 Tupac alipigwa risasi tano kwenye lango la studio jijini New York. Siku iliyofuata, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na bendeji kichwani, mahakama ilimtia hatiani kwa unyanyasaji wa kingono dhidi ya mwanamke, katika tukio la mwaka 1993. Yeye alikana hadi mwisho. Alikuwa gerezani New York wakati Me Against the World inashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Marekani. Wapo wanaosema aliyeandika Keep Ya Head Up hangeweza kumdhulumu mwanamke. Hoja hiyo ni mbovu, usiiruhusu darasani. Shairi halimtolei mtu ushahidi mahakamani.

Oktoba 1995 Suge Knight, bosi wa kampuni ya Death Row, alifanikisha dhamana ya dola milioni 1.4, na Tupac akatoka na mkataba mpya. Februari 1996 ikatoka All Eyez on Me, diski mbili, nyimbo 27. Ndiyo albamu yake inayopigwa zaidi kwenye matatu, na kwa sikio langu ndiyo yenye ushairi mchache zaidi: anajisifu, anatisha, anasherehekea, na yule mtu mahsusi wa kusemeshwa ametoweka, pamebaki maadui. Agosti mwaka huo alirekodi na kukamilisha nyingine kwa siku saba, ambayo ilitoka Novemba kwa jina la Makaveli, na humo kuna giza ambalo bado linanivuta. Ila haikuwa tena kazi ya yule kijana wa Baltimore, na sikubaliani na wanaosema ujambazi wote ulikuwa maigizo tu. Risasi hazikuwa maigizo.

Kuna kisa kimoja cha kipindi cha katikati. Katika filamu Poetic Justice ya John Singleton, ya 1993, Janet Jackson anacheza msusi anayeandika mashairi, na mashairi yenyewe ni ya Maya Angelou. Tupac anacheza mfanyakazi wa posta. Mshairi wa kweli alivalishwa sare ya tarishi, nami nimecheka kila ninapoitazama. Siku moja wakati wa kupiga picha, Angelou alimkuta akitupiana maneno na mwanamume mwingine, karibu wapigane. Hakumjua ni nani. Akamvuta pembeni, akamuuliza ni lini mara ya mwisho aliambiwa jinsi alivyo wa thamani, akamkumbusha mababu waliosimama kwenye majukwaa ya mnada wa watumwa ili yeye awepo. Kijana akalia, na mama yule akamfuta machozi kwa mikono yake. Angelou mwenyewe aliisimulia habari hiyo mara nyingi. Kwangu inaonyesha kwamba hata Tupac alihitaji kusemeshwa yeye, si umati.

Darasani, basi, anza na Brenda. Wape kisa cha gazetini kwa maneno yako, kisha wimbo, wakuambie msimulizi yuko wapi na kwa nini hakuna pumziko. Wimbo huo una maneno machache ya kukwepa. Unaweza kuupitia kwanza. Fuata Dear Mama, uweke kando ya shairi lolote la Kiswahili la kumsifu mama lililo kwenye diwani mnayosoma, wabishane kuhusu lile doa. Waridi liwe la mwisho, na uwape kazi: waliandike upya likiwa na nafsineni anayejulikana na mtu anayesemeshwa kwa jina. Usione haya kwamba umemleta mwanarap. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na kozi kuhusu mashairi yake mwaka 1997, mwaka mmoja tu baada ya kifo, na aliyeianzisha alikuwa mwanafunzi.

Na Cuba. Tarehe 7 Septemba 1996, baada ya pambano la Mike Tyson na Bruce Seldon huko Las Vegas, gari alimokuwa Tupac lilipigwa risasi lilipokuwa limesimama kwenye taa za barabarani. Alifariki hospitalini tarehe 13, akiwa na miaka 25, na mwili ukachomwa. Septemba 2023 polisi walimkamata Duane Davis na kumshtaki kwa mauaji hayo, naye akakana. Uvumi wa kwamba yu hai ulikuzwa na lile jina la Makaveli, kwa kuwa watu walidai mwandishi Machiavelli wa Italia, ambaye jina hilo limetokana naye, alijifanya amekufa. Hakujifanya. Alikufa mwaka 1527 kama watu wengine. Na Cuba wanaitaja kwa sababu Shakur aliyekuwa huko kweli alikuwa Assata.